Mtani Asiyekohoa

Siku hiyo mjinga alikuwa Gaudensi Ngonyani. Tuliseme mapema, msomaji asihangaike kumtafuta mwingine. Si Bawabu, si Mhandisi Tunu, wala si marehemu, ingawa marehemu ndiye mtu rahisi kuliko wote kumtwisha lawama kwa kuwa hajibu. Mjinga alikuwa yeye, tena mjinga aliyeshiba, ameketi kwenye kiti cha kuzunguka na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, anamcheka mjane.

"Kikoti amekufa," sauti ya mama mtu mzima ilimwambia sikioni. "Ulisema utakuja."

Gaudensi akaitazama taa ya mezani kwake. Ilikuwa ya manjano. Nyekundu ingekuwa msiba au ajali, bluu ingekuwa maji na umeme, lakini hii ilikuwa manjano, na manjano ni utani. Akakohoa kikohozi chake cha kila siku, akakiweka kikombe chini apate mikono yote miwili, maana yeye hutania hata kwa mikono.

"Amekufa tena?" akasema. "Mama, mzee wa Kihehe huyo hufa kila akisikia kuna kazi ya shamba. Mwangalieni vizuri. Pengine kanusa mbwa wa jirani anachomwa, akajilaza ili asiambiwe achangie kuni."

Kisha kikaja kicheko kirefu, kicheko kilicholowa.

"Ee Mngoni, mla panya wewe," mama akasema. "Nilijua hutaniangusha. Basi njoo. Kesho mchana, Ifunda, ukiuliza kwa Kikoti hata mbuzi watakuonyesha. Kaburi linachimbwa leo."

"Nakuja! Mwambieni asihame kabla sijafika."

Mama akacheka tena, akashukuru, akakata. Kwenye kioo mbele ya Gaudensi Bawabu akaandika kama kawaida yake: *Aliyepiga ameridhika.* Gaudensi akainua chai yake, akajipongeza.

*

Babu zetu walipopiga simu kuuliza habari za maji, waliambiwa wabonyeze moja kwa Kiswahili, mbili kwa Kiingereza, na tisa kurudi walikotoka, wakazeeka wanasikiliza muziki. Enzi za Gaudensi mambo hayo yalikuwa ya kusimuliwa na wazee. Kila nyumba ilikuwa na kidirisha, kigae cha udongo ukutani chenye matundu kama chekeche. Unakisemesha tu. Sauti yako inasafiri mpaka Lango, jengo la ghorofa pale Iringa mjini, na kwenye Lango anakungoja Bawabu.

Bawabu hakuwa mtu. Alikuwa akili iliyofundishwa kusikiliza, na kazi yake ilikuwa moja: kuamua wewe unayepiga upelekwe kwa nani. Hakuangalia sana maneno, kwa sababu watu wetu maneno hawaaminiki. Mtu nyumba inaungua, anaanza na shikamoo, anauliza hali ya watoto, anajibu kwamba kwake ni kwema kabisa, halafu ndiyo anasema "ila kuna moto kidogo." Bawabu alijifunza kupita juu ya salamu na kuusikiliza upumuaji. Anayekimbilia msaada hupumua juu juu. Anayelalamika huvuta pumzi ndefu, kwa sababu ana mengi.

Jambo lililomshinda kwa muda mrefu lilikuwa matusi. Alimchukulia kila anayetukana kuwa ana hasira, akamfungia foleni ya kupoa. Mpaka siku Mhehe mmoja alipopigia kitengo cha maji, akaangukia kwa Gaudensi, mpokeaji wa huko, akasikia jina Ngonyani, la Kingoni, kabila lenye utani na lake, akasema: "Kumbe ndiyo maana maji hayatoki, wameweka Mngoni!" Gaudensi, ambaye kabla ya hapo alikuwa amechoma matofali mpaka moshi ukamwachia kikohozi, na ambaye maisha yalikwisha kumpiga mahali pote penye nyama, hakuona sababu ya kuogopa kufukuzwa. Akamjibu yule bwana inavyostahili. Wakatukanana mpaka wakaagana kwa mapenzi. Kesho yake yule bwana akapiga tena, na maji yalikuwa yametoka. Alimtaka Mngoni wake tu. Jina lake lilikuwa Bonaventura Kikoti.

Hapo ndipo Mhandisi Tunu Mwinyimvua, binti wa Kizaramo mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alipogundua siri. Akamfundisha Bawabu hivi: mwenye hasira akitukana hasubiri jibu, anaendelea. Mtani akitukana, ananyamaza kidogo. Anakuachia nafasi. Ukisikia tusi, kisha ukasikia nafasi, washa manjano.

Kikafunguliwa Kitengo cha Utani, kiti kimoja, mtu mmoja. Watu wakapiga kutoka Mafinga, kutoka Songea, kutoka kila mahali. Gaudensi akawatukana wote kwa usawa. Na kila alipoagana nao alimalizia kwa maneno yake yaleyale: "Ukifa nipigie, nitakuja kukuzika mwenyewe."

Watu walicheka. Yeye alicheka kuliko wote.

*

Tunu alikuja mezani kwake kabla chai haijapoa.

"Gau. Umejua umefanya nini?"

"Nimeridhisha. Angalia kioo."

"Kitengo cha vizazi na vifo kimepokea taarifa asubuhi. Bonaventura Kikoti, Ifunda. Amefariki jana."

Gaudensi akaendelea kutabasamu, kwa sababu uso ulikuwa haujapata habari bado. "Unatania."

"Mimi Mzaramo. Na wewe nina utani gani?"

Tabasamu likamwisha taratibu, kama maji yanavyoisha kwenye ndoo iliyopasuka. Aliyakumbuka maneno yake moja moja. Mbwa wa jirani. Kuni. *Asihame kabla sijafika.* Akajishika kichwa.

"Taa ilikuwa ya manjano!" akasema. "Bawabu kaniletea msiba kwenye manjano!"

"Ndiyo nashangaa na mimi. Amekosea. Nitaandika kwamba amekosea." Tunu akasita. "Ila... yule mama alicheka, Gau. Nimemsikiliza. Hakucheka kwa adabu, alicheka kweli. Halafu akashukuru. Mtu anayetukaniwa maiti anashukuruje?"

Kitu fulani kilimtekenya Gaudensi nyuma ya kumbukumbu, kitu cha zamani, kaburi la baba yake kule Peramiho na mwanamume wa Kihehe aliyejilaza ndani yake, mikono kifuani, akikataa kutoka mpaka apewe kuku, na mama yake katikati ya kilio akivunjika mbavu kwa kicheko. Alikuwa mdogo. Alidhani yule mtu ni mwehu.

"Hakukosea," akasema polepole. "Mama hakupiga kuripoti kifo. Alipiga kuita mtani, akaniachia nafasi." Kisha akachanganyikiwa upya, kwa upande mwingine. "Lakini anasema nilisema nitakuja. Mimi na mzee Kikoti hatujaongea tangu kabla ya masika. Nilidhani amenichoka."

Tunu akaangalia mlango. Akaangalia dari. Mtu anayeangalia dari ya ofisi yake mwenyewe ana jambo.

"Hakukuchoka," akasema. "Amekuwa akiongea na wewe kila wiki."

*

Chumba cha kusikilizia kilikuwa kidogo, kimezibwa kwa sponji, na ndani yake mtu aliweza kuisikia damu yake ikitembea. Tunu akafungua sauti.

"*Mngoni! Umekula?*" Hiyo ilikuwa ya mzee Kikoti, nzito, yenye mkwaruzo.

"*Nimekula panya wawili. Wa tatu kakimbia.*"

"*Si ungemfukuza?*"

"*Ah, mambo ya mbio sisi tuliwaachia ninyi Wahehe.*"

Gaudensi akacheka kabla hajajizuia. Ilikuwa sauti yake. Hata ule mvuto mdogo kwenye neno *ninyi* ulikuwa wake. Akajaribu kukumbuka ni lini aliyasema hayo, akaona karibu anakumbuka, akaogopa.

"Hiki ni Kivuli," Tunu alisema. "Ulipotupatia sauti yako, unakumbuka? Ulisema 'chukueni, sauti hailiki.'"

"Mlisema ya kufundishia wapokeaji wapya!"

"Huyu ndiye mpokeaji mpya." Hakusema kwa kejeli. "Waliokuwa wanakupigia walizidi kiti kimoja. Wakubwa wakataka kujua kama Kivuli kinaweza kukusaidia. Tukamwambia Bawabu awagawe, wengine kwako, wengine kwake, asimwambie mtu. Akimpeleka mtu kwa Kivuli, na yule mtu akaridhika, safari ijayo atampeleka hukohuko. Ndivyo Bawabu alivyo, anarudia kinachofanya kazi. Mzee Kikoti aliridhika. Kwa hiyo hakurudi kwako tena. Mke wake leo ndiyo mara yake ya kwanza kupiga, ikamwangukia kwako."

Sauti ikaendelea. Mzee alikohoa, kikohozi kirefu, kisha akangoja. Kikapita kimya kama cha mtu aliyerusha mpira ukutani na ukuta haukurudisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"*Mngoni, kikohozi hiki si cha kunywa ulanzi. Na jirani yangu Mngoni kahamia kwa mwanawe. Nikifa, watanizika kimya kimya kama wanafukia mbegu za viazi.*"

"*Ukifa nitakuja kukuzika mwenyewe. Nitatangulia kaburini nikuonyeshe namna ya kulala.*"

"*Kweli?*"

Hilo la mwisho halikuwa utani. Mtoto angejua. Hata Bawabu, huko alikokuwa, lazima alijua.

"*Kweli,*" ikasema sauti ya Gaudensi.

"Irudishe," akasema Gaudensi. Tunu akairudisha. *Kweli.* "Hiyo 'kweli' ni yangu? Mimi niliisema?"

"Uliisema. Ulimwambia mama mmoja wa Mafinga kwamba kweli maji yatarudi Jumatatu. Kivuli kimeitoa hapo."

"Yalirudi?"

"Hayakurudi."

Gaudensi akaibonyeza sponji ya ukutani kwa kidole.

"Mbona hakikohoi?" Gaudensi akauliza. "Mimi nakohoa."

"Tulisafisha. Kikohozi ni kelele."

*

Sasa hapo ndipo mambo yalipomchanganya Gaudensi kiasi kwamba alimimina chai kwenye kisahani na kuinywa humo, jambo alilolifanya mara ya mwisho akiwa mtoto. Kama hakuahidi, hadaiwi. Lakini ameahidi, leo tu, akicheka: *Nakuja!* Lakini alidhani ni mchezo. Lakini mtani gani huyo anayedhani utani ni mchezo? Na yule mzee alikuwa rafiki wa nani?

Kwa Tunu hakukuwa na fumbo. "Aliyeahidi ndiye aende," alisema. "Kivuli nitakitia kwenye kipaza sauti, tukipeleke Ifunda. Kitatimiza neno lake. Wakubwa wamekubali, tena wamefurahi, watasikiliza kutoka hapa. Kikifanya vizuri msibani, kitakuwa kimefaulu, kitengo chote kitakuwa chake."

"Na kiti changu?"

Akaangalia dari tena.

"Na mimi niende kufanya nini?"

"Kubeba," Tunu akasema, na angalau aliona haya. "Na Gau, usimchanganye yule mama. Mwambie umekauka koo, sauti yako itatokea kwenye boksi. Amefiwa. Anachotaka ni kucheka mbele ya kaburi la mume wake. Atacheka. Ukimwambia mume wake alikuwa akiongea na mtambo, utakuwa umemwua mzee mara ya pili."

Huo ndio ulikuwa uzito wake, na ndio alioubeba njia nzima kwenda Ifunda, pamoja na boksi lenyewe mapajani, jeusi, dogo kuliko mkate. Akidanganya, mjane atazika kwa amani, na yeye atakuwa ameuza kiti chake na uso wake kwa safari moja. Akisema kweli, mjane atakosa mtani siku ambayo hawezi kumpata mwingine. Nje ya dirisha mianzi ilipita, na baridi ya Iringa ilikuwa ileile isiyobagua tajiri wala maskini. Mara mbili alifungua mdomo amwambie Tunu jambo, mara mbili akaishia kukohoa.

"Ongea," Tunu alisema.

"Nikijua ninachotaka kusema nitakwambia."

*

Bibi Leonsia Kikoti alikuwa mfupi, mwenye khanga mbili na macho mekundu. Alimwona Gaudensi akishuka garini, akainuka mkekani kabla hajaambiwa ni nani.

"Kamwene! Mngoni wangu huyo, mtazameni!" akasalimu kwa Kihehe na kuwaambia waombolezaji, akamshika mikono yote miwili. "Mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Siku hizi panya wameadimika kwenu?"

Watu wakaanza kucheka, wakasogea, wakangoja. Walimwachia nafasi. Gaudensi aliisikia ile nafasi ikifunguka mbele yake, nafasi ileile ambayo Bawabu alifundishwa kuitafuta, na alichokuwa nacho cha kuweka pale kilikuwa ukweli tu.

"Mama," akasema, "si mimi."

"Si wewe nini?"

"Aliyekuwa akiongea na marehemu masika yote si mimi. Ni mtambo wenye sauti yangu. Umo kwenye boksi hili. Mimi nilikuwa nimemsahau."

Bibi Leonsia akamtazama. Kisha akapiga makofi, akainama, akacheka mpaka mwanamke mmoja akamshika asianguke.

"Mmemsikia?" akalia kwa kicheko. "Anakataa deni mbele ya maiti! Anasema si yeye, ni boksi! Wangoni hawa!"

"Mama, nasema kweli..."

"Kweli!" wakarudia watu, wakacheka zaidi. Mzee mmoja alifuta machozi kwa kofia. Hakuna Mngoni aliyewahi kusema kweli kwa Mhehe msibani; kila alichosema kilipelekwa kulekule, kwenye manjano. Gaudensi akamgeukia Tunu, na Tunu, aliyekuwa amekasirika kwamba siri imetolewa, akabaki mdomo wazi kuona kwamba haikutoka.

Wakaenda kaburini. Tunu akaliweka boksi juu ya rundo la udongo mwekundu, akaliwasha.

Na lazima tuwe waungwana, Kivuli kilifanya kazi. Kilimsalimu marehemu kwa jina. Kilimwuliza amemwacha mbwa wake kwa nani, na kama aliyeachiwa ana sufuria ya kutosha. Kilisema Kikoti amekufa kwa ujanja, ili aikwepe mvua ya mwaka huu na palizi yake. Kilikumbuka mambo ambayo Gaudensi hakuyajua: goti lake bovu, redio yake ya zamani aliyoificha wajukuu wasiiguse, namna alivyoapa kuacha ulanzi, pombe yake ya mianzi, kila asubuhi. Wanawake walilia na kucheka kwa pumzi moja. Gaudensi alisimama pembeni na mikono mitupu, akisikiliza mdomo wake ukifanya mema bila yeye. Alikionea wivu. Alijionea wivu mwenyewe, kama jambo hilo linawezekana.

Ndipo yule mzee mwenye kofia akapaza sauti: "Haya Mngoni, maneno tumeyasikia! Si ulisema utatangulia? Ingia!"

"*Naingia!*" boksi likajibu kwa furaha. "*Nisogezeeni huko, nisije nikamkanyaga!*"

Watu wakangoja.

Boksi lilikaa pale juu ya udongo. Taa yake ndogo ilimetameta. "*Naingia,*" likasema tena, kwa mvuto uleule kwenye silabi ileile, na safari hii hakuna aliyecheka. Mtoto fulani akauliza kwa sauti kwa nini Mngoni hashuki. Waliobeba jeneza wakabadilisha mabega. Bibi Leonsia akaliangalia boksi, akamwangalia Gaudensi, akaliangalia boksi tena, na uso wake ukaanza kuelewa kwamba yale aliyoyacheka kule nyumbani hayakuwa utani. Ukaanza kubomoka.

Gaudensi hakufikiri. Angefikiri, angeanza na kiti chake, na wakubwa waliokuwa wakisikiliza. Alivua viatu, akaruka.

Udongo ulikuwa wa baridi, ukamkata pumzi. Akajilaza chali, mikono kifuani kama yule mwehu wa Peramiho. Mbingu ilikuwa mstatili. Alitaka kusema kitu kikali, kilichokamilika, cha kushinda boksi. Kilichotoka kilikuwa kikohozi, kirefu, cha vumbi na moshi wa matofali wa miaka, kikamtikisa mpaka udongo ukamwangukia usoni.

Kutoka juu, Bibi Leonsia akatoa sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko.

"Huyo ndiye," akasema. "Huyo sasa ndiye."

"Sitoki," Gaudensi akasema alipopata pumzi, na sauti ilimtetemeka vibaya. "Pazuri huku. Mhehe mtafutieni pengine. Nileteeni kuku, jogoo, asiyekonda kama mimi. Na mniombee radhi kwa mwenye nyumba, nimechelewa kufika."

Wakamletea jogoo. Alikuwa mdogo, na Gaudensi alilalamika kama inavyotakiwa, akavutwa nje kwa mikono mingi, akashika koleo, akafukia mpaka mwisho.

*

Baadaye waliketi kwenye mkeka, ugali na nyama mbele yao, boksi likiwa limezimwa kando ya Tunu. Alikuwa amepokea ujumbe kutoka Lango na hakuusoma kwa sauti. Gaudensi aliujua kwa kumtazama: kitengo kimekwenda kwa Kivuli hata hivyo, kwa sababu huko mjini walisikia vicheko tu. Kikohozi kwao kilikuwa kelele.

Bibi Leonsia alikuwa amekwisha kuambiwa yote, taratibu, na safari hii aliyaamini.

"Alishuku," akasema. "Mume wangu. Alikuwa akiniambia, 'Mama Kikoti, huyu Mngoni wa siku hizi ni mzima mno. Namkoholea, hanikoholei.' Mimi nikamjibu labda kapata dawa. Lakini hakuacha kupiga. Alikuwa akisema siku moja atapokea yule mgonjwa."

Gaudensi akaacha kutafuna. Kila wiki, basi. Kila wiki mzee alibisha hodi kwake, na kila wiki Bawabu alimpeleka mlango wa pili kwa sababu mlango wa pili ulikuwa ukifanya kazi.

"Bibi, samahani," Tunu akasema. Alikuwa amejikunja, anavuta nyuzi za mkeka, na ilionekana ameyabeba haya tangu kaburini. "Sitaki ubishi siku ya msiba. Ila nataka kuelewa. Marehemu alipougua, kilichomsikiliza ni hiki. Kilichojua goti lake ni hiki. Gau alikuwa amemsahau, kasema mwenyewe. Na leo mmeona wote, hiki kimetania kuliko yeye. Yeye kakohoa tu, akadai kuku."

"Ni kweli," Gaudensi akasema, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Basi kinapungukiwa nini? Miguu? Miguu naweza kukiwekea. Kikohozi naweza kukirudisha hata kesho. Niambie kinachokosekana, nitakitia."

Bibi Leonsia akanawa mkono wake wa kulia, polepole, akaufuta kwenye pindo la khanga. Akalinyanyua boksi, akaligeuza huku na huku kama anayechagua kitunguu sokoni, akalirudisha mapajani mwa Tunu kwa upole.

"Mdomo kinao, mwanangu, sikatai. Lakini utani ni zamu. Huyu leo kalala kwenye kaburi letu, na siku yake sisi tutaenda Peramiho kulala kwenye lake, tumtukane mpaka ndugu zake wacheke. Hicho cha kwako niambie tu, nijiandae: msiba wake ni lini?"